Tatizo Dogo la Kifamilia

Wodi ya Upasuaji wa Watoto
4 Februari

Kwa Baba Chiriku,

Salamu. Hunijui, na mimi nakujua kwa maneno ya mwanao tu, ambayo ni mengi. Mimi ni muuguzi wa wodi aliyolazwa tangu shirika lilipomleta huku kutibiwa mikono. Watoto wananiita Mama Sindano, na yeye ndiye aliyenibandika jina hilo. Anasema la Chiriku ulimpa wewe. Hukukosea. Hapa ni mimi peke yangu ninayezungumza Kiswahili, basi kila jambo lake linaniangukia mimi, kuanzia dawa hadi kusuka nywele.

Habari njema kwanza. Vidole vyote vilivyokuwa vimeshikana sasa vimeachana. Anashika kalamu, anafunga vifungo, juzi alifungua chupa ya soda mwenyewe akaizungusha wodi nzima watu waione. Matibabu yamekwisha, na hapo ndipo tabu inapoanza. Viza yake ni ya matibabu, na shirika linataka kumrudisha kwenu kabla ya katikati ya mwaka. Yeye anataka kusoma. Kuna shule ya sekondari iliyokubali kumchukua, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumwona, ila hawawezi kumwandikisha mtu asiye na kibali cha kukaa.

Sasa niruhusu niulize la moyoni. Kila shirika likikutumia ujumbe kuhusu safari, unajibu asiharakishwe. Mzazi gani hataki mwanawe arudi? Tena daktari wake ameniambia jambo. Faili linasema jiko la mafuta ya taa lililipuka akiwa na miaka sita. Daktari anasema jiko likilipuka huunguza uso na kifua. Huyu ameungua viganja tu, vyote viwili, kama mtu aliyesukuma kitu cha moto kwa nguvu zake zote. Mwenyewe hakumbuki ila moshi, na yale uliyomwambia.

Ikiwa kuna hatari huko, anaweza kuomba hifadhi. Niambie waziwazi, nami nitahangaika.

Muuguzi,
Mama Sindano


27 Februari

Kwa Dada Muuguzi,

Baada ya salamu nyingi, natumaini u mzima wa afya pamoja na wote wanaokuzunguka. Sisi huku hatujambo kabisa, wasiwasi ni kwenu tu. Barua yako ilinikuta kwenye cherehani nikishona sare za shule. Niliposoma habari ya soda nilisimamisha kazi, nikawasomea wateja wawili ambao hawakuniuliza.

Dada, nashukuru hadi nakosa la kusema. Simu yangu imeharibika, ndiyo maana naomba tuendelee kwa barua, na utumie sanduku hili la posta la fundi mwenzangu. La kwangu vitu hupotea.

Kuhusu jiko, ni kama ilivyoandikwa. Marehemu mama yake alisahau kulizima. Mungu amrehemu, yamepita. Nataka abaki kwa ajili ya elimu tu, hakuna jingine. Baba yake mdogo anamsalimu sana. Amepanda cheo, sasa ni mkuu wa polisi wa wilaya, na haipiti wiki bila kuingia dukani kuuliza mtoto anarudi lini.

Mwambie nampenda, na asisahau kufanya mazoezi ya vidole.

Ni mimi,
Baba yake, fundi cherehani


15 Machi

Baba Chiriku,

Nimetoka ofisi ya hifadhi sasa hivi, miguu inawaka, basi vumilia maneno yangu. Viti vya ukumbi ule vimefungwa sakafuni kwa skrubu, sijui waliogopa nani angeviiba. Mashine ya kutoa namba ni mbovu, kwa hiyo foleni inakwenda kwa kusukumana. Nilipofika dirishani kijana alikuwa anakula. Alinisikiliza huku anatafuna, kisha akasema elimu si sababu. Nusu ya dunia inataka elimu, akasema, na akafunga kidirisha.

Nilikwenda kwa wakili wa bure. Ofisi yake ni stoo, unazungumza naye katikati ya maboksi ya karatasi, lakini ana akili. Amesema hivi: hifadhi hupewa mtu ambaye akirudi atadhuriwa, na serikali yake haitamlinda. Nani atamdhuru? Kwa nini? Hayo mawili ndiyo yanayotakiwa. Ameomba wewe mzazi uiandikie ofisi barua, ueleze mwenyewe.

Mimi nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote, najua mtu anapoficha maumivu. Wewe unaficha. Sijui nini, na inanichosha. Tafadhali andika.

Mama Sindano


6 Aprili

Kwa Waheshimiwa Wakubwa wa Ofisi ya Hifadhi,

Awali ya yote nawasalimu kwa heshima na taadhima. Natumaini mko salama katika kazi zenu nzito za kuwahudumia watu. Sisi huku ni wazima, hali ni shwari, na hakuna baya lolote la kuwasumbua nalo.

Dhumuni la barua hii ni kuwaombeni, kwa unyenyekevu mkubwa, mumruhusu binti yangu abaki kwenu. Ni mtoto msikivu na mwenye bidii. Huku kwetu kuna tatizo dogo la kifamilia, ambalo linafanya kurudi kwake kusiwe jambo jema kwa wakati huu.

Nawatakia kila la heri na baraka tele.

Wenu mtiifu,
Mzazi, fundi cherehani


2 Mei

Baba Chiriku,

Leo salamu sina. Ombi limekataliwa.

Nilikuwa mle chumbani. Chumba kidogo, dirisha halifunguki, meza imejaa alama za vikombe vya chai. Ofisa alimpa mkalimani barua yako aisome mstari kwa mstari. Sisi huku ni wazima. Akaandika. Hali ni shwari. Akaandika. Hakuna baya lolote. Hapo aliweka kalamu chini, na nilitamani nimwokotee nimrudishie mkononi. Alipofika kwenye tatizo dogo la kifamilia akamuuliza mtoto ni tatizo gani. Mwanao akacheka. Akasema labda baba na baba mdogo wamegombania redio tena. Ofisa naye akacheka. Mimi peke yangu sikucheka.

Akamuuliza kama anamwogopa mtu yeyote huko. Akasema hapana, tena baba yangu mdogo ndiye mkuu wa polisi, atanilinda. Faili likafungwa.

Najua adabu ya barua. Na mimi nimelelewa hivyo, unaanza kwa kusema wazima hata kama paa limeezuliwa. Yule ofisa hakulelewa hivyo. Mgonjwa nikimuuliza anaumwa wapi akasema haumwi, mimi nichome sindano wapi? Nimeomba ruhusa kazini mara ngapi kwa ajili ya jambo hili, nimegombana na msimamizi wangu, nimempeleka mtoto yule kwenye shule akaonyeshwa dawati lake, halafu wewe unaandika baraka tele.

Kuna rufaa. Ni moja tu, baada ya hapo ni ndege. Mwanao ameandika yake, nimeitia ndani ya bahasha hii bila kuisoma.

Mama Sindano


Wodini
2 Mei

Baba mpendwa, shikamoo,

Usimjali Mama Sindano, akikasirika hununa siku nzima halafu anakuletea maandazi ya kantini. Mwandiko huu ni wangu, umeona? Herufi ya k bado inanipiga chenga.

Wamekataa, lakini nina mpango. Nilimwandikia baba mdogo anisaidie, kwa sababu yeye ni mkubwa na maneno yake yanasikilizwa. Kumbe si mtu wa barua, alipiga simu wodini wiki ile ile ilipomfikia. Tumezungumza sana. Amesema nisihangaike na mambo ya kubaki, atanipokea mwenyewe uwanja wa ndege na gari la kazini. Amesema nikitimiza miaka kumi na minane kuna karatasi ya marehemu babu ya kutia sahihi, na sasa nimepata mkono wa kuitilia. Akacheka sana. Nilipomwambia Mama Sindano, akaniuliza karatasi gani. Nikasema sijui, mambo ya wakubwa.

Baba, mle ofisini waliniuliza nani aliniunguza. Nikasema mama, kwa bahati mbaya. Sikupenda kusema vile mbele ya watu. Huwa namkasirikia mama, halafu naona haya maana amekufa. Wenzangu wodini mama zao huja jioni na vyakula, na mimi nawaza, wewe ulishindwa kukumbuka kuzima jiko tu.

Basi. Nisalimie wateja. Msalimie na baba mdogo akipita.

Mwanao,
Chiriku


24 Mei

Dada,

Nakuandikia kutoka mji mwingine, mezani kwa fundi mwenzangu, na leo naingia moja kwa moja.

Simu haikuharibika. Alininunulia mdogo wangu, na kila ninayempigia anamjua. Niliitupa.

Baba yetu alikuwa na kiwanja kando ya barabara kuu. Alijua sisi wanawe tungekiuza, basi alipokuwa anakaribia kufa alikiandika kwa jina la mjukuu wake wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kumwahidi mnunuzi. Alinijia mara nyingi nimsaidie kubatilisha, nikakataa. Usiku ule mimi nilikuwa dukani nikimaliza kazi ya watu. Nilipoitwa nikakuta nyumba inawaka, na mlango wa chuma umefungwa kwa waya kwa nje. Waya ule niliukata mimi, kwa mkasi wangu wa kazi. Mtoto alikuwa bado anausukuma mlango. Mama yake alikuwa nyuma yake, na hakutoka.

Nikaenda polisi. Aliyeandika maelezo yangu ni mdogo wangu. Aliandika jiko. Akanisomea taratibu, akaniuliza kama nina la kuongeza. Mtoto alikuwa amelazwa, na mlangoni pa wodi alikuwa ameweka askari wake, anasema wa kumlinda. Nikasema sina la kuongeza.

Najua utanilaumu. Nilaumu. Mtoto asiyejua hawezi kusema, na asiyesema hakuna haja ya kumnyamazisha. Kwa njia hiyo nimemfikisha miaka kumi na saba, na nikiambiwa nianze upya nitafanya vilevile. Lakini akirudi atatia sahihi, na akishatia sahihi hana kazi tena kwa mtu yule. Asipotia, ndiyo kabisa.

Kuhusu ile barua, unanionea. Kwetu mtu akikuandikia kwamba ana tatizo dogo la kifamilia, siku hiyo hiyo unafunga safari. Nilidhani watauliza. Niliona hata nimepiga kelele sana.

Mweleze wakili haya. Mtoto usimwambie.

Fundi


19 Juni

Baba Chiriku,

Nimemwambia. Hukunipa ruhusa, na ningeomba usingenipa.

Hakukuwa na njia nyingine. Kwenye rufaa atasimama yeye mwenyewe, na wanaoamua watamsomea kila kitu usoni. Ulitaka akayasikie pale, kutoka kwa mkalimani? Nilimpeleka chumba cha mashuka, ndicho pekee chenye kitasa cha ndani, nikamwambia yote kama ulivyoandika. Hakulia. Aliuliza moja tu, kwa hiyo mama hakusahau jiko? Nikamwambia hakusahau. Akatoka, akaanza kukusanya sahani za wagonjwa wenzake, kazi ambayo si yake, akaziosha zote.

Tangu siku ile hasemi. Huyo, Chiriku, hasemi. Mazoezi ya vidole ameacha, na kidole cha mwisho kimeanza kujikunja tena. Siku zangu za mapumziko nakaa kando ya kitanda chake tunatazamana. Nimechoka, nakwambia kweli, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ofisi nayo haina aibu. Tarehe ya kwanza ya rufaa wamepoteza faili. Ya pili wameleta mkalimani wa lugha nyingine kabisa, naye akakaa pale kwa adabu zake hadi mwisho. Sasa wameandika kwamba hadithi imebadilika. Wakati wa kuomba mara ya kwanza ilikuwa jiko, sasa ni mtu, kwa hiyo huenda tumeitunga. Daktari atakuja kueleza habari ya viganja. Lakini wakili anasema bila wewe haitoshi. Unatakiwa ule kiapo mbele ya wakili wa huko, umtaje mdogo wako kwa jina na cheo chake.

Najua ninachokuomba. Huko ukishamtaja hutakuwa na duka la kurudia. Nakuomba hivyo hivyo.

Mama Sindano


11 Julai

Dada,

Ulikuwa na haki gani? Nilimbeba mtoto yule na maneno yale miaka kumi na moja, na wewe umemtua siku moja kwenye chumba cha mashuka. Nimeisoma barua yako nikataka kuichana. Kisha nikaona nitamwandikia nani mwingine.

Kiapo nimekula. Wakili wa huku alinisomea maelezo yangu kwa sauti, alipofika kwenye jina la mkuu wa polisi akainuka akafunga dirisha, akaendelea kwa kunong'ona. Nakala utaipata kwa mkono wa dereva wa kampuni ya vifurushi.

Duka nimelifunga. Mle ndani kuna nguo za watu, nyingine zimekatwa hazijaunganishwa. Watanitukana kwa ajili ya vitambaa vyao, na wako sahihi. Nimekuja na kichwa cha cherehani tu. Niko kwa fundi mwenzangu, nalala chini ya meza ya kukatia, na mchana nashona mapazia. Sipendi mapazia. Ni mistari minyoofu tu, hayakupi la kufikiria ila mambo yako.

Nijibu neno moja. Ananiulizia?

Fundi


30 Julai

Baba Chiriku,

Hapana, hakuulizii. Nisingekudanganya. Kudanganywa kwa wema kumetutosha sote.

Lakini kiapo chako kilipofika alikichukua, akakaa nacho dirishani mchana kutwa. Jioni akaniomba ule mpira wa mazoezi. Anaufinya tangu wakati huo, hata akila, kwa hasira ambazo mimi sijapata kuziona wodini hapa. Daktari anasema hasira au si hasira, kidole kinanyooka.

Kikao kimesogezwa tena. Safari hii hawakusema sababu.

Mama Sindano


9 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu Mama Sindano amesimama nyuma yangu. Sasa ameondoka.

Nimepewa hifadhi. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, na mkalimani wa kweli safari hii. Yule wa katikati aliniuliza kwa nini nina hadithi mbili. Nikamwambia, ya kwanza nilipewa na baba yangu, na ya pili nimepewa na baba yangu. Mimi ya kwangu ni mikono tu. Nikaiweka mezani. Daktari akaeleza, kiapo chako kikasomwa, na mwanamke mmoja kati yao akaacha kuandika akawa ananitazama. Uamuzi ulichukua wiki nyingi kufika. Nilikuwa siwezi kula.

Shule nimeanza. Nakaa na watoto wadogo kwangu, wananiuliza mikono ilifanya nini, nawaambia ilifungua mlango. Hesabu ninaziweza. Naandika polepole, mwalimu wa historia ananisubiri na kalamu yake mdomoni.

Sasa mambo yetu. Miaka yote hiyo nimemkasirikia mama. Siku nyingine nilikuwa namsamehe, najiona mtu mwema, kumbe namsamehe kosa ambalo hakulifanya. Yeye alikuwa nyuma yangu mlangoni. Ulimwacha akae na aibu ile kwa sababu hawezi kukujibu. Na mimi ukanifundisha kumsalimia aliyefunga waya. Unasema asiyejua hasemi. Ungeniambia, ningenyamaza. Ndiyo, hata mimi na mdomo wangu huu, ningenyamaza.

Nilikuwa nimepanga hivi. Nikipata kibali, likizo ya kwanza nakuja. Nasimama mbele yako na kukugombeza uso kwa uso mpaka majirani watoke nje. Maneno nilikuwa nimeyakariri, nilikuwa nayafanyia mazoezi bafuni. Juzi wakili akaniita ofisini kwake kunipa kitabu changu cha kusafiria, kipya, kina picha yangu. Akanifasiria ukurasa wa mbele. Kinaruhusu kwenda nchi zote za dunia isipokuwa moja. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikiingia huko hata mara moja, hifadhi imekwisha. Yeye alidhani najua. Nililia mle stoo, kwenye maboksi, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze.

Nikauliza, je, baba anaweza kuja yeye? Akasema inawezekana, wewe ni mzazi na mimi bado sijafika miaka kumi na minane, lakini nikifika mlango huo unafungwa. Kwa ombi hilo kuna ofisi yake, na ina foleni yake. Nilirudi nikamwambia Mama Sindano. Alikwenda kuvaa viatu.

Kwa hiyo ukiletewa kitu cha kujaza, kijaze siku hiyo hiyo, na uandike kila kitu. Njoo, baba. Hasira niliyonayo haienei kwenye barua.

Mwanao,
Chiriku